Kidole Gumba cha Mama Mkwe

Nyinyi vijana mnaoingia sasa katika kazi ya kupiga picha za mifupa, nitaanza na kidole cha mguu. Najua mlitazamia nianze na mashine. Wastaafu wote huanza na mashine, jinsi ilivyokuwa kubwa na jinsi ilivyonguruma, na vijana hupiga miayo. Mashine nitaifikia. Lakini jambo lililonistaajabisha kuliko yote katika miaka yangu ya hospitali pale Bukavu lilikuwa kidole gumba cha mguu wa kushoto wa mama mkwe wangu, na nilikiona kwa bahati tu, nikiwa nimebeba picha mbichi inayodondosha maji.

Kazi nilifundishwa na papa Zihalirwa. Alikuwa mtu mfupi, mkali, mwenye koti jeupe lililogeuka manjano kwa dawa za kuoshea picha. Mgonjwa akiletwa chumba cha picha, au cha radio kama tulivyokiita, sisi wengine tulikimbilia upande wa kichwa kumpa pole. Papa Zihalirwa alisimama upande wa miguu.

"Mushaga," aliniambia, maana jina langu ni Mushagalusa, "muntu akilala ku meza, uso yake inakuwa na adabu. Inakuambia iko bien, hakuna shida. Angalia miguu. Miguu haijuwe adabu."

Nilidhani ni maneno ya mzee aliyechoka kuzunguka meza. Lakini alikuwa akitazama wayo uliogeukia nje na kusema nyonga imevunjika kabla hata sijaweka filamu, na picha ikitoka, ni vile vile. Mimi nilikuwa na makosa yangu. Kosa la kwanza, nilisahau kuweka ile herufi ya madini ya risasi inayoonyesha upande wa kulia na wa kushoto. Papa Zihalirwa hakunifokea. Alinivua kiatu cha kushoto, akakifungia kabatini, na nikafanya kazi siku nzima katika korido na kiatu kimoja cha kulia, huku wauguzi wakinisalimu kwa heshima zote. Tangu siku ile sijasahau upande.

Sasa mgongo. Mnajua mgongo ni nini kwetu? Mwanamke wa kwetu anabeba mzigo kwa kamba inayopita kwenye paji la uso, mihogo, kuni, makaa, akipanda kilima ambacho nyinyi mnakipanda kwa pikipiki mkilalamika. Mwanaume anateremka Kamituga kuchimba dhahabu, anainama majini miaka kumi. Halafu wote wanakuja kwangu. Nilipiga picha za migongo hadi nikaota migongo. Picha ilionyesha viungo vilivyolika, basi. Daktari alitoa vidonge, mgonjwa alirudi nyumbani, mwezi uliofuata alikuwa tena kwenye benchi langu, amekaa upande mmoja wa tako kwa sababu mwingine haukaliki. Nilifika mahali pa kuona haya kuwaita majina yao. Walikuja kwangu kutafuta dawa, na mimi nilikuwa na picha tu.

Ndipo akaja yule daktari mzee kutoka Ubelgiji, kwa miezi michache, na sanduku lake. Sisi tulimwita Polepole, kwa sababu hilo ndilo neno la Kiswahili alilolijua, na alilitumia kwa kila kitu: kwa salamu, kwa shukrani, hata kwa kuagiza chai. Alifikia Kavumu kwa ndege. Askari wa uwanja walipofungua sanduku na kuona vitufe, waya na mshale unaocheza, walidhani ni simu ya upepo, wakakaa nalo asubuhi nzima wakimwuliza alitaka kuongea na nani. Yeye aliwaambia polepole, polepole. Mwishowe alijilaza chini kwenye saruji, tai shingoni, na enzi hizo serikali ilikuwa imekataza tai, akajielekezea sindano mgongoni kuwaonyesha. Walimwachia kwa huruma.

Nisikilizeni hapa, maana hii ndiyo kazi. Nyuma ya uti wa mgongo, kushoto na kulia, kuna viungo vidogo vinavyounganisha pingili na pingili. Kila kimoja kina neva nyembamba ya kupeleka habari ya maumivu. Kiungo kikilika, neva ile hulia mchana kutwa, mwaka baada ya mwaka. Polepole alikuwa anaingiza sindano ndefu, iliyofunikwa yote isipokuwa ncha, mpaka ilale kando ya neva ile. Kisha sanduku linapeleka umeme unaotetema kwa kasi sana, nyama inayozunguka ncha inapata joto, nyuzi themanini, dakika moja na nusu. Neva inaungua, inanyamaza. Jeraha lenyewe halizidi punje ya mchele.

Lakini hatua chache tu kutoka pale, na ninaposema hatua nasema milimita, inapita neva kubwa ya mguu. Ukiichoma hiyo, mguu unakufa. Mtu anaburuta wayo maisha yake yote.

Kwa hiyo mgonjwa hapewi usingizi. Kabla ya moto, Polepole alipitisha umeme mdogo, sisi tuliuita umeme wa kuuliza. Mgonjwa akisema "iko ku mugongo, pale pale panaumaka," sindano iko mahali pake. Akisema inashuka pajani, au mguu ukiruka, sindano iko pabaya, inavutwa. Akishajibu ndipo anachomwa dawa ya ganzi, kisha moto. Na baada ya ganzi hawezi kutuonya tena. Mmeelewa? Sanduku lote lile, lililovuka bahari, lilikuwa linategemea mdomo wa mtu aliyelala kifudifudi na miguu yake.

Sisi hatukuwa na kioo cha kutazama sindano ikitembea kama mlicho nacho nyinyi. Polepole aliisukuma kidogo, mimi nikapiga picha, nikakimbilia chumba cha giza, nikaiosha, nikarudi nayo inachuruzika, naye akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kidogo tena. Picha tena. Aproni ya risasi ilikuwa nzito kama mtoto wa darasa la tatu, nami nikaanza kuumwa mgongo wangu mwenyewe. Nilipomwomba Polepole anitazame, alinibonyeza hapa na pale, akasema kwa Kifaransa kwamba wangu ni wa uvivu.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa Mulonda, mchimba dhahabu wa Kamituga. Aliingia amejikunja, mikono magotini, akitazama sakafu. Baada ya siku kumi hivi alirudi. Nilikuwa mlangoni na sikumtambua, kwa sababu sikuwahi kuuona uso wake kutoka upande ule. Alikuwa mrefu kunizidi!

"Papa," akaniambia, "nimelala chali. Usiku muzima, chali! Ule munganga ameweka nini mule ndani?"

"Hajaweka kitu," nikamwambia. "Amezimisha tu."

Alishika mlango akacheka, na mimi nikaingia chumba cha giza nikalia. Siwafichi. Miaka yote ile nilikuwa nawapa watu picha za mateso yao, na leo mtu amesimama wima kwa sababu ya jeraha la punje ya mchele. Nilimwogopa Mungu siku ile kuliko siku zote nilizokaa kanisani.

Jioni nilimwambia mke wangu, Furaha. Akasema, "Na mama je?"

Mama yake, mama Nabintu, alikuwa mjane, mkulima wa Kavumu. Alikuwa ameumwa miaka mitatu na mimi sikujua. Msinishangae. Kwetu, zamani zile, mama mkwe na mkwe hawakutazamana usoni, hawakula pamoja, hawakuitana jina. Alipokuja kwetu, mimi nilitokea mlango wa nyuma. Tukikutana kwa bahati mbaya, alizungumza nami kupitia kwa Furaha hata kama Furaha alikuwa jikoni na mimi nimesimama mbele yake. Siku moja nilikuwa uani natengeneza paa, mvua ikaanza, nikamsikia akisema ndani, "Furaha, umuambie bwana yako mvua iko namunyeshea." Na kuhusu mwili, kuanzia kiunoni kushuka, hakuna neno hata moja lililotajwa kati ya watu wawili wa namna hiyo. Ni afadhali ufe.

Hakuweza tena kuinama. Shamba lake lilikuwa limeota majani, na shemeji zake walikuwa wameanza kupita pale wakilipima kwa macho. Shamba likikaa bila kulimwa wangelichukua, naye angehamia kona ya nyumba ya mtu. Alimwambia binti yake, "Kama siwezi inama, miye niko nini?"

Akaletwa. Polepole alimchoma kwanza ganzi ya majaribio, kujua kama maumivu yanatoka kweli kwenye viungo vile. Mama Nabintu akainuka mezani, akarudi kwetu, akafagia ua mzima, akahamia ua wa jirani. Jioni ganzi ikaisha, akarudi kujikunja. Basi tukajua.

Siku ya sindano yenyewe, muuguzi wetu, citoyenne Bahati, yaani raia, kama serikali ilivyotaka tuitane, alinivuta kando. Alikuwa mama mzima, mkunga wa siku nyingi, asiyeogopa mtu.

"Citoyen, ule ni mukwe yako," akasema. "Wacha miye niulize, weye ufanye picha."

"Kifaransa changu ni kizuri kuliko chako," nikamjibu. "Na yeye ni mutu wa kwangu. Nitauliza miye."

Hilo ndilo kosa langu kubwa katika kazi, vijana, kubwa kuliko lile la kiatu. Nilitaka Furaha asikie kwamba mume wake ndiye aliyesimama pale. Nikafanya na la pili. Alipolala kifudifudi nilichukua blanketi mbili za hospitali nikamfunika kuanzia kiunoni mpaka visiginoni, macho yangu nimeyaelekeza ukutani. Polepole aliniuliza za nini. Nikamwambia anasikia baridi. Vikabaki nje vidole tu.

Sindano ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili pia. Ya tatu ilikuwa ya chini kabisa, upande wa kushoto. Nilileta picha, Polepole akaiinua dirishani, akaitikia kwa kichwa kwamba inafaa, akanirudishia. Akafungua umeme wa kuuliza.

"Mama, inapiga wapi?" nikauliza, nikitazama ukuta.

"Ku mugongo."

Polepole akabadili, akaweka ule unaodunda taratibu, wa kujaribu mguu. "Na paja?" akaniambia kwa Kifaransa. "Mguu? Muulize."

Sasa niwaambieni ukweli. Neno paja lilifika ulimini mwangu likakwama. Mimi, fundi wa radio, niliyepiga picha mapaja ya mji mzima! Nikamuuliza, "Na... pahali pengine?"

"Hapana," akasema mama Nabintu.

"Mgongo tu, daktari," nikatafsiri.

Polepole akaweka mkono kwenye sindano ya ganzi. Mimi nikazunguka meza kwenda kuitundika picha yangu ikauke, na njia ya kule inapita upande wa miguu. Nikatazama, kwa mazoea ya papa Zihalirwa. Chini ya blanketi mbili hakukuonekana kitu. Lakini kidole gumba cha kushoto kilikuwa kinapiga. Kinainuka, kinashuka. Kinainuka, kinashuka, sawasawa na mdundo wa sanduku.

Nilipiga kelele. Sijui nilipiga kwa lugha gani. Picha ilianguka, na Polepole akaondoa mikono yake yote miwili juu hewani kama mtu aliyeshikiwa bunduki. Nilimwonyesha kidole. Akatupa blanketi pembeni, na sisi sote tukaona mguu mzima unaruka, kutoka juu mpaka chini, mguu wa mama mkwe wangu, naye amekamata kingo za meza mpaka vifundo vya mikono vimekuwa vyeupe, na hasemi neno.

Polepole alizima. Alikuwa ametoka jasho. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza.

"Toka, citoyen," akasema Bahati kwa sauti ndogo.

Nikaenda nyuma ya ukuta wa risasi, ule wa kujikinga tunapopiga picha, nikainamisha kichwa nisionekane kwenye kidirisha. Kutoka pale nilisikia kila kitu.

"Ametoka?" akauliza mama Nabintu.

"Ametoka, mama. Sasa uniambie."

"Ilikuwa inapiga ku paja, inashuka mpaka ku kidole. Tangu mwanzo. Kama moto."

"Na juu ya nini haukusema? Wangekuunguzia muguu!"

Kisha akasema, "Ningesema je, mwanangu? Mukwe alikuwa pale."

Vijana, nimeshuhudia mambo mengi yaliyonistaajabisha. Umeme unaonyamazisha maumivu bila kisu ni mojawapo. Lakini nyuma ya ule ukuta nilistaajabu zaidi. Mwanamke huyu alikuwa amekuja kuokoa mgongo wake na shamba lake, akaelezwa kwa Mashi, lugha ya kwetu, neno kwa neno, kwamba asiposema atapoteza mguu. Na alikuwa tayari kuutoa, kimya kimya, asinivunjie heshima mimi. Mimi niliyeweka kiburi changu kati yake na daktari. Nilitaka ardhi inimeze.

Polepole aliivuta sindano kidogo, milimita mbili, tatu. Mimi nilipiga picha nikijificha, nikiingia na kutoka kama mwizi, Bahati akimfunika macho mama kwa kitambaa kila nilipopita. Umeme wa kuuliza tena. "Mugongo," akasema mama Nabintu, na safari hii miguu iliyokuwa wazi mbele ya Polepole ilikubaliana naye. Ganzi. Moto, dakika moja na nusu, huku sote tukiitazama taa ya darini tukiiomba isizimike. Haikuzimika.

Baada ya mwezi hivi Furaha alikwenda Kavumu. Aliporudi alikaa chini mlangoni akiwa bado na viatu, akaniambia, "Analima." Basi, neno moja. Kisha akaniambia mengine: kwamba alimkuta katikati ya shamba, jembe juu, na shemeji mmoja amesimama njiani akitazama kama mtu aliyeachwa na basi. Akanipa kikapu cha maharage kilichofunikwa na jani la mgomba. "Mama amesema, nimuambie bwana yangu kwamba maharage yameiva."

Sasa kuna jambo Polepole alituambia mapema na watu hawakupenda kulisikia. Neva ile huota tena. Baada ya mwaka, au miwili, hurudi polepole, na maumivu hurudi nayo. Si muujiza wa mara moja. Mulonda alipoambiwa hivyo alisema mwaka mmoja chali si haba. Msimdanganye mgonjwa yeyote kwamba mmemponya milele. Mwambieni mmempa muda, atajua mwenyewe cha kufanya nao. Mama Nabintu alivuna mara tatu, na mavuno ya tatu aliyalima akianza tena kushika kiuno.

Polepole alirudi mara moja zaidi kabla hajazeeka kabisa. Mama Nabintu akashuka kutoka Kavumu. Safari hii nilikuwa nimejifunza. Bahati alikuwa kichwani pake, tayari na maswali. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya risasi tangu kabla hajaingia. Blanketi nilikuwa nimeiweka, moja tu, kwa sababu heshima ni heshima, na Bahati alikuwa ameagizwa aifunue wakati wa umeme wa kuuliza.

Akalala. Akageuza uso upande, akauliza, "Mukwe yangu iko wapi?"

Bahati akatazama ukuta wangu. "Hayuko, mama. Usiogope."

"Iko pale nyuma. Niko naona viatu vyake chini." Akavuta pumzi. "Umuambie akuye. Ule ndiye aliona kidole."

Nilitoka. Nilisimama nikitazama sakafu, mtu mzima mwenye watoto watano. Polepole alikuwa hajui kinachotokea, akasema neno lake: polepole. Sindano ikaingia. Nikapiga picha, nikaiosha, nikairudisha. Umeme wa kuuliza ukafunguliwa, na Bahati akafumbua mdomo aulize, lakini mama Nabintu hakumngoja. Miaka kumi na minne nilikuwa nimemwoa binti yake, na hakuwahi kunielekezea neno, ila yale majibu ya mezani.

"Papa," akaniambia mimi, kwa sauti kubwa kama ya kuita mtu ng'ambo ya bonde. "Iko ku paja. Paja ya kushoto."

"Paja la kushoto, daktari," nikatafsiri.

Polepole akavuta sindano. Mama Nabintu akaisukuma blanketi kwa visigino, mara moja, mara mbili, mpaka ikaanguka sakafuni. Nami nikaenda upande wa miguu, nikasimama pale alipokuwa akisimama papa Zihalirwa, nikaitazama.